Bawa la Kushoto

Tarehe 3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepunguza ukali. Mimi mzima, friji za watu zinaendelea kuharibika, kwa hiyo nakula.

Kaa chini kwanza. Nimenunua ndege! Usishike kifua, ni ile isiyo na injini, inavutwa kwa kamba mpaka juu, kisha inaelea yenyewe. Imetumika sana, lakini ina viti viwili, na cha mbele ni chako. Aliyeniuzia ni muungwana, hakunificha: gundi ya kiungo cha bawa la kushoto imeanza kuachia, na ndege isirushwe kabla fundi wa ndege hajalifungua bawa na kulitengeneza. Ni jambo dogo. Wenzangu wa klabu ya kurusha ndege wananionea wivu.

Mwanao

Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, goti ni lile lile. Barua yako nimemsomea kila mteja aliyekuja kupimwa nguo, na wengine hata hawakuuliza. Jirani anasema mtu mwenye akili hapandi kitu kisicho na injini. Nimemjibu kwamba mwanangu ana akili za kututosha sote.

Najishonea suruali, maana kupanda huko na gauni ni kujitafutia aibu. Lakini hilo bawa limetengenezwa? Nijibu hilo kwanza.

Mama yako

Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Huku salama. Bawa limetengenezwa, liko imara. Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wenzangu wote watakuwepo.

Mwanao

Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Nilifika nyumbani salama. Samahani kwa kuchelewa kuandika, nilikuwa naona haya hata kushika kalamu.

Nisamehe. Ningejua kile kiti kina kikomo cha uzito, ningejipima kabla ya kuja kukuharibia siku mbele ya wenzako. Uliposema, "Mama, shuka, uzito umezidi," na yule bwana wa klabuni kwenu akadakia kwamba hiyo ni ndege, si lori, nilicheka pamoja nanyi ili usijisikie vibaya. Sasa jioni nanywa chai tupu. Dada yako ananigombeza, simsikilizi. Suruali nimeshaipunguza kiunoni. Usiiuze ndege, nipe muda kidogo tu.

Mama yako

Tarehe 15 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui kama nastahili kuitikiwa.

Kula, mama. Tafadhali kula. Uzito wako haukuzidi. Bawa halikutengenezwa. Fundi wa ndege sikumwita. Niliogopa atasema haifai kuruka tena, nami nilikuwa nimeshajitapa kila kona. Klabuni niliwaambia limekaguliwa, kama nilivyokuambia wewe, wakaniamini.

Ulipokwisha kufungwa mikanda, yule mwenzetu anayeshika ncha ya bawa ili ndege isilalie upande aliliinua, nikasikia kiungo kikilia. Yeye hakusikia kwa sababu ya upepo. Mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa nasikilizia. Nilitaka ushuke upesi, na ningeweza kusema tu kwamba bawa ni bovu. Nikatazama zile nyuso, nikaona ni rahisi kukuaibisha wewe kuliko kujiaibisha mimi. Walipocheka, nami nikacheka. Nilikuona ukitafuta pa kukanyaga ushuke, na hakuna aliyekupa mkono, hata mimi.

Naona aibu, mama. Nanyoa ndevu bila kutazama kioo. Ndege nimeifungia bandani. Nisamehe.

Mwanao

Tarehe 24 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma peke yangu, hii sikumsomea mteja. Mchana nimekula mpaka dada yako akashangaa.

Bawa halikunikasirisha. Ungesema ni bovu, tungekaa hapo kwenye nyasi tukanywa chai, nami ningerudi kujisifu vilevile. Kusamehe nitakusamehe, mimi ni mama yako, nitafanyaje? Lakini siku ile walicheka watu wengi, na barua umemwandikia mtu mmoja. Nenda klabuni Jumamosi, wote wakiwepo, uwaambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze neno. Ukimaliza, niandikie walisema nini. Kabla ya hapo usiandike.

Mama yako

Tarehe 30 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima.

Nimepita posta leo tena. Jumamosi hazijaisha, mwanangu.

Mama yako