Wageni wa Nyumbani, Viti vya Watu

Jumatano, saa tisa alasiri. Upepo wa ziwa haujatulia tangu juzi, mawimbi yanarusha maji mpaka barabarani.

Mtu akikuambia anaijua Kalemie na hanijui mimi, huyo alipita hapa amelala. Kuanzia bandarini mpaka stesheni ya treni, hata mbuzi hunipisha njia. Shule yangu iliishia darasa la tano, sikatai, lakini wenye vyeti vyao wamekuja kuniuliza mambo wakaondoka kimya. Miaka sita nimelibeba Neno upande huu wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Na mnaonisoma humu mtandaoni tangu mwanzo mnamkumbuka yule kiboko wa Zongwe, mkubwa kama behewa, niliyemkemea mara moja tu akageuza akaelekea Moba.

Mke wangu, Mama Neema, husema kila mwaka kiboko huyo ananenepa.

Basi leo mkemea viboko amejifungia kanisani, na simu ina chaji kidogo.

Wageni wetu wamekwenda sokoni kununua ndagala, ndio dagaa wa huku, wapeleke nyumbani Kasulu. Mama Neema amewasindikiza. Upepo ukitulia, boti la Kigoma linaondoka kesho asubuhi. Nina kama saa moja ya kuwa mkweli kabla hawajarudi, na sina mazoezi.

Mgeni mwenyewe ni Philipo. Tulichunga mbuzi pamoja, tukachapwa pamoja kwa kuwaacha wakala mahindi ya watu. Sasa yeye ndiye mkuu wa kamati ya misheni iliyotutuma huku. Amekuja na mkewe, shemeji Roza. Miaka sita nilitamani mtu wa nyumbani avuke maji aje anione. Siku ujumbe wao ulipofika kwamba wanakuja kweli, nilikwenda kanisani kuhesabu watu wangu upya.

Kwa sababu niliandika humu kwamba kanisa langu linafurika hadi nje.

Tuko kumi na wanne. Nikihesabu na mimi.

Wengi walikimbia vita kule Nyunzu, wanakaa kambini Katanika, wanakuja kuomba kwa miguu. Tunakalia mikeka. Wazee wenye magoti mabovu tunawapa tofali. Tofali lenye kitambaa juu lakini, tusidharauliane.

Jumamosi, kabla boti lao halijafika, nikaenda kwa Mama Kashindi, anayekodisha viti vya harusi na matanga. Viti sitini vya plastiki, vya buluu. Nikamwambia ni siku moja tu. Halafu nikapitisha neno mtaani kwamba baada ya ibada kutakuwa na wali. Ndugu zangu! Jumapili walikuja hata Wakatoliki waliokwishatoka misa ya kwanza. Nilihubiri mpaka bati likatikisika. Roza akalia. Philipo akapiga picha mpaka simu yake ikajaa.

Ningevirudisha viti jioni ile ile, ingekuwa imeishia hapo. Lakini nilitaka tuvikalie kidogo na Jumatatu.

Jumatatu tukanywa chai barazani kwangu, hatua chache kutoka kanisani, sisi wanne, juu ya viti vya buluu. Roza akasema, "Shemeji, wewe unakesha kanisani kila siku. Alfajiri tulikusikia unanena kwa lugha. Mimi nilipiga magoti palepale kitandani." Nikainamisha macho kama watakatifu wanavyoinamisha. Mama Neema akakohoa ndani ya kikombe.

Hapo akaingia Mama Kashindi na mkokoteni.

"Papa Pasta, simama. Kuko matanga kwa machinisti, dereva ya treni, na wewe ndio umekalia kiti ya mufiwa."

"Mama, polepole. Niko na wageni."

"Wageni, karibuni sana. Na wao wasimame."

Philipo akasimama, chai mkononi, akatazama viti sitini vinapakiwa. Akaniuliza vinakwenda wapi. Ningeweza kusema. Kinywa kikanitangulia: "Ndiyo desturi ya kanisa letu. Mtu akifiwa, tunatoa viti vyote."

Mama Kashindi alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. "Eee, Papa Pasta," akasema. "Desturi ya kanisa." Akaondoka anacheka, na kicheko chake nilikisikia mpaka kwenye reli.

Jana asubuhi tukaingia kuomba, hakuna viti. Mzee Kabwe, mmoja wa wale wa Nyunzu, alimwachia Philipo tofali lake akakaa chini kwenye udongo. Philipo akaniminya mkono, akanong'ona kwamba nimewafundisha watu wangu unyenyekevu. Sikumfundisha mzee Kabwe chochote. Alikuwa na tofali moja, akalitoa.

Jioni, Philipo akavuta daftari.

"Ndugu yangu, kamati imenituma na swali moja tu. Mnahitaji nini? Sema, niandike."

Mama Neema alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

Nilijua anasubiri nini. Kabla ya kusafiri, Roza alikwenda kumuaga mama mkwe wangu. Macho ya bibi yamefifia kabisa. Akatuma neno: mwambieni mwanangu aje nimpapase uso, mikono yangu ikiwa bado inaukumbuka. Mama Neema hajavuka ziwa hili tangu tulipokuja. Kila akiniomba nilimwambia mwakani. Kamati hutuma mtu akushikie nafasi miezi kadhaa, upumzike nyumbani. Ni kuomba tu. Lakini mtu wa ukubwa wangu akiomba likizo, wale wanaomsoma watasema nini?

Nikajibu, "Hatuhitaji kitu. Hapa Bwana ametujaza pomoni. Wapeni wale mliowatuma Moba."

Philipo akaandika. Halafu akafuta jicho. "Wote tuliowatuma wana orodha," akasema. "Wewe peke yako hujaomba."

Mwiko ukaendelea. Ugali ulikuwa na mabuje, madonge ya unga mabichi, tukala hivyo hivyo.

Leo asubuhi nimekuta mfuko wa Mama Neema mlangoni. Ule ule tuliokuja nao kutoka Kasulu, umefungwa kwa kipande cha kanga.

"Naenda nao kesho," akasema.

"Utarudi lini?"

"Sijui. Nimwone mama kwanza. Wewe baki na kiboko wako."

Hakupandisha sauti. Angepiga kelele ningejua la kufanya, mimi kelele naziweza. Alisema kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha, akachukua kapu akaenda sokoni na wageni.

Sasa nimekaa hapa natazama mikeka. Naifikiria nyumba ile bila yeye. Nani atakohoa nikidanganya? Miaka sita kikohozi kile ndicho kilichonizuia nisipotee kabisa, na mimi nilidhani ni vumbi tu.

Tangu asubuhi nimemfuata Philipo mara tatu nimwambie. Mara ya kwanza nikamsimulia treni niliyoisimamisha kwa mkono. Ya pili, kiboko. Ya tatu nikamwambia boti la kesho nahodha wake ni mtu wangu. Sijui hata jina la nahodha.

Kinywa changu kimezoea njia moja, kama punda wa msaga unga.

Kwa hiyo naandika. Najua Philipo husoma kila kitu ninachoweka humu, na Jumapili huwasomea watu kanisani Kasulu kwa sauti. Pale sokoni mtandao unashika kama hapa. Labda ataona akiwa amesimama kwenye ndagala, Mama Neema pembeni yake. Labda ni vizuri aone akiwa pembeni yake.

Philipo, ndugu yangu. Viti vilikuwa vya Mama Kashindi. Watu walikuja kula wali. Swali lako la jana, lifute lile jibu uandike hivi: tunahitaji mtu wa kutushikia nafasi, ili mimi na Mama Neema tuje nyumbani pamoja, akapapaswe uso na mama yake. Kama wa kutushikia hapatikani upesi, mwende na Mama Neema kesho, na mimi nitafuata. Mzee Kabwe atawaongoza hawa watakaobaki vizuri kuliko mimi. Moba wapeni vyote vingine.

Nasikia sauti zao pale kwenye kona. Roza anacheka. Mama Neema simsikii.

Nibonyeze kabla mkono haujabadili nia. Lakini kuna moja limebaki, na hili ndilo linaloniaibisha kuliko viti.

Nyumba yetu ina kitanda kimoja, na mnakilalia ninyi. Mama Neema analala jikoni. Mimi nalala huku kanisani, kichwa juu ya tofali la mzee Kabwe. Sijakesha hata siku moja. Shemeji Roza, unisamehe kwa magoti uliyopiga: ile sauti ya alfajiri haikuwa kunena kwa lugha. Nilikuwa nakoroma.