Gunia Lenye Joto

Jumapili, 4 Agosti 2024

Nimetoka kanisani, nimekula wali wa jana. Sasa nimekaa chini chumbani, mgongo nimeegemeza kwenye gunia la ngano la marehemu mke wangu Limi, kama kawaida. Magunia ni matatu. Limi aliyashona midomo mwenyewe kwa uzi wa bluu, wiki ile kabla ya kwenda hospitali. Tangu hapo hakuna aliyeyafungua. Bhoke, jirani aliyekuwa akikaanga naye chapati za wachimbaji hapa Nyarugusu, ameniuliza tena: "Baba Vumilia, hiyo ngano unamwekea nani?" Nikamwambia bado.

Jambo moja sijamwambia mtu. Gunia la karibu na mlango lina joto. Si joto la jua, dirisha liko upande wa pili. Ni joto dogo, kama la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Lilianza mwezi uliopita. Mgongo unatulia kweli.

Jumanne, 6 Agosti

Shemeji Maganga, kaka yake Limi, amepiga simu toka Shinyanga. Kuanua matanga ni hapa kwangu, Jumamosi ya tarehe 17. Ukoo umekubaliana. Watu watakula chapati za ngano ya Limi mwenyewe, kwa sababu misiba yote ya ukoo yeye ndiye aliyekaanga. "Usije ukatununulia unga wa dukani, shemeji. Dada atatuzomea."

Nikasema sawa.

Simu ilipokatika niliangalia ule uzi wa bluu. Limi hakukata uzi kwa mkasi, aliuma. Ncha bado ina alama ya meno yake.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Redio ya Bhoke inasifu wakulima tangu asubuhi. Alileta chai, akaona vumbi jeupe sakafuni chini ya gunia la mlangoni. Akaweka sikio.

"Njoo usikilize."

Nikasikiliza. Kama mvua ya mbali kwenye bati.

"Fukusi," akasema.

Ikabidi nimuulize kuhusu lile joto. Akaweka kiganja. Akacheka, halafu akaacha. "Joto ni lao hilo, Baba Vumilia. Wakiwa wengi wanapumua, wanatafuna, gunia linapata moto. Ngano nzima huwa baridi."

Kwa hiyo mwezi mzima nimeegemea fukusi.

Nimehamia ukutani kuandika. Ukuta ni baridi na una msumari.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimefungua gunia la mlangoni. Sikukata — nimefumua kwa vidole, asubuhi yote. Punje zina matundu, nyingine ni ganda tu. Harufu ya uchachu, kama nguo iliyokunjwa mbichi. Fukusi wakatoka taratibu, hawana haraka, kama wenye nyumba.

Mimi na Bhoke tumeianika ngano kwenye turubai. Kuku wa jirani walikuja bila kualikwa. Mmoja alikula hadi akaenda kulala kivulini.

Bhoke alitia konzi moja kwenye beseni la maji. Nyingi zikaelea. Anasema zinazoelea zimeliwa ndani, hazisagiki unga wa maana.

Kwetu kijijini mtama tulikuwa tunachanganya na majivu, fukusi hawakugusa. Bhoke alipoondoka nilichota majivu jikoni nikachanganya. Sikumuuliza.

Jumatatu, 12 Agosti

Bhoke amesagisha kidogo kwa majaribio. Unga wa kijivu! Donge halivutiki, linakatika kama udongo. Chapati zikapasuka kwenye kikaango. Chungu, na mchanga kwenye meno. Tukawagawia wanaapolo, wachimbaji wadogo waliotoka shimoni, maana wao wakiwa na njaa hawachagui. Leo walichagua.

"Mzee, chapati za nyama mmeanza lini?" Mmoja alikuwa ameona mguu wa fukusi.

Mwingine akauliza kama leo ni Jumatano ya Majivu.

Bhoke akaniangalia. "Umetia majivu?"

"Kidogo."

"Ungetia ngano ilipokuja, Baba Vumilia. Sasa hivi wameshazaliana ndani ya punje. Majivu hayaingii humo. Yanaingia kwenye chapati."

Jumatano, 14 Agosti

Gunia la pili nalo vilevile. Kuku wamerudi.

Vumilia, binti yetu, amefika toka Shinyanga anakofundisha. Ameonja chapati ya gunia hilo, ametema kwa adabu. Jikoni akaninong'oneza: "Baba, tununue unga. Nani atajua? Mjomba hawezi kujua tofauti."

"Mama yako je?"

Akachukua ufagio, akafagia chumba ambacho nilikuwa nimeshafagia.

Limebaki gunia la kona. Bhoke anataka tulifungue leo. Nimekataa. Likiwa limeharibika, watu hawali. Likiwa zima, halitakuwepo tena kitu alichokifunga Limi.

Ijumaa, 16 Agosti

Shemeji amefika na watu wa ukoo. Ameangalia kuku. "Hawa msiba umewapenda."

Sijafungua.

Jumamosi, 17 Agosti

Asubuhi Shemeji alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Haya, shemeji. Gunia."

Nimefumua polepole, Vumilia akiushika uzi usikatike. Ndani kulikuwa na mfuko mwingine, nailoni nzito, shingo imefungwa kwa kamba.

"Kumbe aliununua!" Bhoke akasema. "Ule mfuko usiopitisha hewa. Aliniambia atajaribu na gunia moja kwanza."

Juu kulikuwa na fukusi wachache, wakavu, miguu juu. Nikazamisha mkono hadi kwapani.

"Vipi?" Bhoke akauliza.

"Baridi."

Akapiga vigelegele, wanawake wa uani wakapokea. Ni habari njema, naelewa. Nilichelewa kidogo kutoa mkono.

Sasa niko chumbani, hakuna cha kuegemea. Uzi wa bluu uko mfukoni. Unga umerudi toka mashine, mweupe wa ngano hasa, na Vumilia ameniambia dirishani kwamba donge linavutika kama la mama.

Chapati ya kwanza ya Limi haikuwahi kutoka vizuri. Ilikuwa na pembe, au imeungua upande mmoja. Kila mara alinipa mimi kabla wageni hawajanawa. "Chukua hii, haina pa kwenda."

Nje Bhoke anasema ya kwanza imetoka duara kabisa, apelekewe Shemeji. Vumilia anasema hapana, ya kwanza ni ya baba. Shemeji anasema mpeni mwenyewe. Wananiita.

Nimeitika kwamba naja. Bado nimekaa.

Duara kabisa, wanasema.