Kiti cha Fundi

4 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Ipo sauti moja isiyonitoka masikioni: injini inawaka nyuma ya sauti yako, inapanda, inafifia, nawe unaniambia, "Nyamaza, mama. Mtihani hurudiwa."

Shikamoo. Kifua kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili. Leo ni wiki ya sita tangu tumzike Kaka. Nakuandikia kwa sababu kila nikishika simu nikupigie, naiweka tena chini.

Mama anasema hujakanyaga kwake tangu maziko. Nikimuuliza sababu ananijibu, "Muulize mwenyewe." Basi nakuuliza. Wewe ambaye hukukosa chakula cha Jumapili hata ukiwa na homa, umepatwa na nini?

Mpwa wako

19 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika. Kifua kiko vilevile, kinakohoa kikitaka. Barua nimeisomea karakanani, nimekalia kopo la oili, maana viti vyote vimejaa vipuri.

Wakaguzi wameleta taarifa yao ya ajali ya ndege ya kaka yako. Ilikatika konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Ufa ulikuwa ndani ya chuma tangu kilipofuliwa kiwandani. Mimi asubuhi ile nilibadilisha plagi tu. Wameandika kwamba hakuna fundi ambaye angeuona. Mstari huo nimeusoma mpaka karatasi imelegea, na bado haunishibishi.

Kuhusu mama yako: hajanifukuza. Ila unaijua kanuni yangu. Nikifungua injini, hata kwa skrubu moja, ndege ikiruka mara ya kwanza nami nimo, kiti cha kando ya rubani. Kaka yako alikuwa akinichokoza: "Mjomba, unapanda kwa sababu huniamini mimi, au hujiamini wewe?" Namjibu, "Vyote viwili. Washa."

Siku ya maziko Dada aliniuliza mbele ya watu, "Wewe uliyefungua, siku ile mbona hukupanda?" Nilishika koleo nikaendelea kufukia. Tangu hapo nikifika kwake naona swali limetangulia mlangoni, nageuka.

Usiumize kichwa. Soma.

Mjomba wako

2 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini unakunywa dawa, si kuzipanga dirishani.

Kwa hiyo hukumwambia kwamba ni mimi.

Nilifeli somo moja, somo moja tu, nikakupigia nikilia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nilikushika robo saa. Nilimsikia Kaka akisema, "Maliza na huyo mlizi wako, mimi nazunguka mara moja narudi." Sikumsalimia. Nilidhani nitampigia jioni nimtukane kwa kuniita mlizi.

Nimelichukua shati lake la kazi, lile lenye mfuko wa kalamu. Nalivaa chumbani, mlango nimeufunga. Ndege ikipita juu ya bweni wenzangu wanaendelea kusoma. Mimi nasimama mpaka isisikike tena, kisha naendelea kusimama.

Mwambie Mama ukweli. Nakuomba.

Mpwa wako

11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Dawa nakunywa.

Simwambii. Dada amebakiwa na mtoto mmoja, na akimtazama huyo mmoja sitaki aione simu. Mimi ninaweza kula peke yangu, mpishi si mbaya sana. Kama nisingepokea ile simu ningekuwa mjomba wa namna gani?

Jambo hili usiniandikie tena. Ukiandika, sitajibu.

Mjomba wako

30 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ule mtihani nimeurudia, nimefaulu. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Naandika jambo lile tena: mwambie.

Mpwa wako

14 Juni

Mjomba, hujajibu. Hata kunigombeza? U mzima?

Mpwa wako

23 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Usimwache aliyekuletea barua hii amesimama nje.

Nilikuja kwa basi la Ijumaa. Nilimkuta Mama anapiga pasi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, lakini yakatoka mawili matatu yasiyopangwa: "Alikuwa anaongea na mimi." Hakuelewa. Nikaanza upya, nikamweleza yote: somo nililofeli, robo saa, Kaka akinitania, na kwamba wewe umenificha miezi minne.

Aliweka pasi wima. "Robo saa nzima?"

"Ndiyo."

"Na yeye amekaa kimya nimwone mwoga."

"Ndiyo, Mama."

Alikaa kitandani juu ya nguo alizokwisha kuzinyoosha. Nilingoja anipige, anifukuze, chochote. Alisema, si kwangu hasa, "Kumbe ningewazika wawili."

Hajaniambia kama amenisamehe. Asubuhi hii alinipa chai bila kunitazama, akaniuliza karakana yako siku hizi inafunguliwa saa ngapi. Pengine kwangu itachukua miaka. Namkosa Kaka, nawe nilikukosa ukiwa hai, na hilo la pili lilikuwa mikononi mwangu.

Ulinikataza, Mjomba. Nimeshamwambia, na barua hii nimempa aisome kabla sijafunga bahasha.

Mpwa wako