Majibu Yaliyokuwa Nyuma ya Kitabu

Huruma, Nairobi
Jumamosi, 10 Novemba 1984

Hezron, ndugu yangu,

Huu ni mwaka wa thelathini na tatu tangu nishuke garimoshi hapa mjini na sanduku langu la mbao, na mwaka wa saba tangu tukuzike kwetu Vihiga. Nimeandika neno hilo, "tukuzike", nikaiweka kalamu chini kwa muda. Ndilo lililonikalisha mezani leo, nalo nitalirudia, lakini sina nguvu za kuanza nalo.

Nianze na Jumamosi zetu. Utakumbuka kile kitabu cha kujifundisha Kihispania ulichookota sokoni Gikomba kwenye rundo la vitabu vya Wazungu waliokuwa wakirudi kwao. Hakikuwa na jalada, na masomo mawili ya kwanza yalikuwa yamechanika, kwa hiyo tulianza somo la tatu, watu wazima wawili tunaojua kuuliza bei ya farasi na hatujui kusema habari ya asubuhi. Salamu tulikuja kuzipata baadaye kwenye redio yako, masafa mafupi, saa kumi na mbili jioni, sauti ikija na kuondoka kama mtu anayesemea ndani ya pipa. Wewe ulikuwa fundi bomba wa baraza la jiji, mimi karani wa mizigo wa reli. Watu wa Kaloleni wakikuuliza Kihispania cha nini, ulikuwa ukiwajibu kwamba ni lugha ya heshima, inasomwa kama ilivyoandikwa, sawasawa na Kiswahili. Vijana wa pale karibu na ukumbi walikuwa wakitungojea tupite: "Niaje, Maspanish! Leo redio imeingia maji?" Wewe ulikuwa ukiwajibu kwa Kihispania, sentensi nzima, bila kusimama. Mimi nilikuwa nikicheka tu.

Hukujua kwa nini nilikuwa nikicheka tu.

Tulikubaliana kitabu kikae kwangu Makongeni, kwa sababu nyumba yangu ya reli ilikuwa na kabati lenye kufuli, na kwako kulikuwa na watoto. Kila wiki nilikuletea somo moja, ukalinakili lote kwenye daftari lako kwa mwandiko wako mkubwa, ukafanya mazoezi. Jumamosi tulibadilishana madaftari na kusahihishana kwa kalamu nyekundu. Lako lilirudi limejaa alama kama mtoto aliyetoka surua. Langu lilirudi safi. Ulilitazama, ukatikisa kichwa, ukaniita mwalimu, na jina likanishika hadi mke wako, Mama Rispa, akawa wakati mwingine ananiita hivyo.

Hezron, majibu yote yalikuwa nyuma ya kitabu. Kurasa kumi na nane, kwa herufi ndogo. Sikuwahi kukuambia. Mara ya kwanza niliyatazama kwa zoezi moja lililonishinda, kwa sababu niliona haya karani aliyefika darasa la nane akosolewe na fundi bomba. Wiki iliyofuata nikayatazama mapema zaidi. Baada ya mwaka mmoja sikuwa tena nafanya zoezi lolote. Nilikuwa naandika majibu ya mtu mwingine na kukusahihisha wewe kwa majibu hayohayo. Wewe ulikosea kila Jumamosi kwa miaka minane, ukaijua lugha. Mimi sikukosea hata mara moja, na sikuijua.

Kisha redio ikasoma anwani za wasikilizaji wanaotafuta marafiki wa kalamu, nawe ukampata Anselmo, mfanyakazi mstaafu wa posta huko Montevideo. Barua zake ulikuwa ukinisomea kwa sauti, na mahali ulipocheka na mimi nilicheka.

Sasa nije hospitalini. Kaka yako Elkana alikuwa amefika kutoka nyumbani, amekaa karibu na dirisha anamenya chungwa. Ulinishika mkono, ukaanza kusema kwa Kihispania, polepole, maneno mengi, na macho yako hayakuniacha. Nilishika neno "binti". Nilishika neno "udongo". Mengine yalinipita kama mabehewa ya mizigo. Ningeweza kukuambia, Hezron, rudia, sijaelewa. Nilijibu, "Sí, hermano. Claro que sí." Ndiyo, ndugu yangu, bila shaka. Hilo nilikuwa nalijua vizuri kwa matamshi ya redio.

Elkana alicheka, "Hata hapa kitandani hamkiachi hicho Kihindi chenu?"

Nawe ukaniuliza kwa Kiswahili, "Umenielewa, mwalimu?"

Nikasema nimekuelewa. Ukafumba macho na mkono wako ukalegea, nami nikatoka nikijisifu kwamba nimekufariji. Siku ya tatu ukafariki.

Wakati mwili ulikuwa bado mochari, watu walikutana kila jioni nyumbani kwako Kaloleni kupanga safari. Jioni ya pili Mama Rispa alikuja na bahasha aliyoitoa kwenye sanduku la posta. Ilikuwa ya Anselmo. Alikuwa akimwandikia mgonjwa. Hakujua kwamba anamwandikia maiti. Mama Rispa, akiwa bado ameishika, alianza kusema jambo mbele ya Elkana na wazee, kwa sauti ndogo: "Baba Rispa aliwahi kuniambia kuhusu makaburi ya Lang'ata..." Elkana akamkatiza, si kwa ukali, akasema kwanza tusikie barua ya rafiki wa marehemu, huenda ina neno. Mama Rispa akanipa. "Shemeji, tusomee. Wewe ndiwe mwenzake."

Nilisimama. Niliisoma kwa Kihispania kwanza, yote, kurasa mbili, kwa sauti ya kanisani. Mama mmoja akasema taratibu, "Huyu kweli amesoma." Kisha nikawafasiria. Nilisema Anselmo anawasalimu wote, anamwombea Hezron kwa Mungu, anasema Hezron katika barua zake alikuwa akisimulia sana habari za nyumbani kwao kilimani na jinsi anavyopapenda. Sikuwa na nia mbaya. Niliweka maneno ambayo kila barua ya aina hiyo huwa nayo, kama mtu anayejaza fomu.

Watu wakasema amina. Elkana akafuta macho, akasema, "Hata Mzungu wa mwisho wa dunia anajua mwenzake alipenda kwao. Kuna neno gani tena?"

Hapakuwa na neno tena. Mama Rispa alirudi jikoni. Ijumaa tukapanda basi la kukodi, na Jumamosi, siku yetu ya masomo, nilitupa udongo juu yako kwa mkono wangu huu ninaokuandikia.

Barua niliiweka ndani ya kitabu, kitabu nikakifungia kabatini. Miaka mitano sikukifungua. Nilipostaafu ilinibidi kuondoka nyumba ya reli, na wakati nikipanga vitu vyangu kuhamia chumba hiki cha Huruma, ghorofa ya tatu, bahasha ilianguka. Niliiokota nikajaribu kuisoma, na sikuweza. Nilikuwa peke yangu chumbani na bado nilihisi uso ukiniwaka.

Nikaanza upya. Kwanza nilizichana zile kurasa kumi na nane, nikampa jirani yangu anayekaanga mandazi ngazini; aliwashia jiko kwa asubuhi mbili. Kisha somo la tatu. Hezron, nilikosea kila kitu. Hapakuwa na wa kunisahihisha, kwa hiyo nilibuni njia: nafanya zoezi Jumatatu, nalificha, nalifanya tena Jumamosi bila kuangalia la kwanza, halafu nalinganisha. Panapotofautiana ndipo nisipojua. Nilinunua redio. Nasoma kwa sauti juu ya paa, kwenye kamba za nguo, kwa sababu chumbani jirani wanagonga ukuta. Vijana wa ploti wananiuliza, "Mbuyu," ndivyo wanavyomwita mzee, "unabonga na nani huko juu?" Nawaambia nafanya masomo. Mmoja akaniuliza nitafanya mtihani lini. Nikamwambia nilishaufanya, nikaanguka.

Miaka miwili imepita hivyo. Mwezi wa nane nikaona niijaribu barua, sentensi moja kwa siku, na neno nisilolijua sikulipita. Sasa nakuandikia inachosema, kama ninavyoielewa:

"Rafiki yangu, unaniambia huogopi kufa, unaogopa kupelekwa mbali. Unasema binti yako Rispa amelala peke yake katika makaburi makubwa ya mji, na kwamba siku ulipomfukia ulimwahidi utakuja kulala karibu naye. Unasema mbele ya ndugu zako kinywa chako kinafunga, kwa maana kuikataa ardhi ya baba ni kama kumkataa baba, na kwamba katika lugha hii ya kuazima peke yake ndimo unamoweza kulisema. Nimelisikia. Lakini mimi niko mbali, masikio yangu yatakufaa nini? Mwambie mwalimu wako. Unasema anaijua lugha yetu kukupita wewe. Mwambie yeye, naye akusemee."

Ulikuwa umeniambia. Ulifanya alivyokushauri hata kabla barua haijafika.

Nilikaa na karatasi ile wiki tatu. Niliwaza kuichoma, sikufichi. Wewe hungejua, Elkana hasomi Kihispania, na mimi ni mzee. Lakini nilikwisha kuisoma, na kitu nilichokisoma kwa jasho langu mwenyewe sikuweza kukirudisha. Nikatembea hadi Kaloleni. Mama Rispa bado yuko nyumba ileile. Mtoto wenu mdogo ndiye anayelipa kodi sasa. Mama Rispa alikuwa amekaa mlangoni anachagua mawe kwenye maharagwe. Nilimsomea barua kwa Kiswahili, kisha nikamwambia habari za kurasa kumi na nane, habari za hospitali, na habari za jioni ile.

Hakuacha kuchagua. Alipomaliza sinia alisema, "Mimi nilikuwa najua, shemeji. Alikuwa ameniambia mwenyewe. Ulipoisoma ile karatasi nikajiambia, kumbe alibadilisha nia, na hakunieleza mimi mkewe, akamweleza mtu asiyemjua. Miaka saba nimemkasirikia Baba Rispa kwa hilo. Nimelala nimemkasirikia." Kisha akaniuliza, "Sasa hasira hii niipeleke wapi?"

Aliingia ndani, akaniletea chai, vijiko vitatu vya sukari kama zamani, akaiweka chini karibu na mguu wangu bila kunitazama. Nilifikiri nimefukuzwa. Nilipoinuka kuondoka akasema, "Nyasi za Rispa zimekuwa ndefu. Magoti yangu hayafiki tena."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Lang'ata na panga lako, alilonipa yeye. Misalaba ya mbao ya safu ile yote imeoza. Wako, uliouunga kwa mabomba mawili ya maji, umesimama, na kutu iko kwenye kiungo tu. Nilifyeka kaburi lake na nafasi ya upande wa kulia pia, kwa sababu nilijua ilikuwa ya nani. Sikuongea Kihispania pale. Nilimwambia mtoto kwa Kiswahili kwamba baba yake alitaka kuja, na kwamba aliyemzuia ni mimi.

Nimemwandikia Anselmo. Barua yangu ya kwanza kwa lugha yake, ukurasa mmoja, na nina hakika ina makosa kila mstari. Nilianza na salamu, yale masomo mawili yaliyochanika. Nilimwambia umekufa, nilimwambia nilichofanya. Kama amekufa naye, angalau barua imekwenda.

Elkana pia nimemwandikia, kwa Kiswahili, na nakala ya tafsiri. Hajajibu. Simlaumu. Hakuna anayesema ufukuliwe, na Mama Rispa amekataa kabisa hilo lisitajwe. Lakini aliponiona nimeshika karatasi akasema, "Andika langu kwanza." Nikamwandikia, kwamba akifa azikwe Lang'ata kwa binti yake, katika nafasi ile ya kulia, na mchungaji akashuhudia sahihi yake. Ni Kiswahili chepesi, sentensi nne, hata mtoto ataielewa. Nilimrudishia aisome mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Aliisoma mara mbili.

Kwa hiyo hivi ndivyo nitakavyofanya. Kila Jumamosi nitafanya somo langu na kuacha makosa yaonekane. Kila baada ya mvua nitakwenda kwa Rispa na panga lako. Na mtu yeyote akiniambia neno nisilolielewa, kwa lugha yoyote, nitamwomba arudie.

Lala, Hezron, pale tulipokuweka. Nilikuwa nimewaza kuja kusimama hapo juu yako nikuambie haya kwa mdomo, na nauli ninayo. Lakini njia ya kwako inapita mbele ya boma letu, na watu wa huko wangenipokea kama mwalimu. Karatasi yangu nayo imekwisha kuandikwa na iko kwa mchungaji. Nitazikwa hapa mjini, popote watakaponipa, mradi si katika nafasi ile ya kulia.

Mimi sirudi nyumbani.

Zablon