Kumbe Dawa Nazo Zina Ukoo

S.L.P. 318,
Meru.
21 Novemba 1999.

Mpendwa kaka Kailemia,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Makutano, salamu zenye matope, maana mvua imetushika tangu wiki iliyopita na viatu vyote vya nyumba hii vimepangwa karibu na jiko. Hujambo huko Francistown? Wanafunzi wako wanakusumbua au wamekuzoea? Na lile joto ulilotuandikia, limepungua, au bado mnalala madirisha wazi? Wifi na watoto natumai ni wazima. Sisi tu wazima, na leo neno hilo nalisema kwa mdomo mpana. Soma polepole ujue kwa nini, usiruke mistari kama ulivyozoea kuruka tangu utotoni.

Habari ya kwanza ni njema. Mdogo wetu Gacheri amejifungua salama kule Siakago. Ni msichana, na kwa kuwa ni binti wa pili, amepewa jina la upande wetu, la Mama mwenyewe. Basi tuna Nkirote wawili sasa, mmoja hana meno na mwingine amebakiza machache. Ukimwambia Mama hivyo nitakana kwamba nilikuandikia.

Mama hakungoja kualikwa. Alifunga maharagwe meusi ya njahi na ndizi kwenye kikapu, akashuka mpaka Siakago kumkanda mwanawe na kumbeba wajina wake. Alikaa huko muda mrefu, akila vizuri na kulala vibaya, maana mbu wa huko Mbeere hawana adabu kwa wageni. Aliporudi, badala ya kupitiliza hadi nyumbani Kianjai, alishuka hapa kwangu. Nilipomshika mkono nikajua. Alikuwa anawaka moto, na huku anatetemeka.

Kaka, hapo ndipo nikaanza kuogopa, na wewe unajua sababu. Hujasahau mwaka ule Mama alipopewa Septrin kwa ajili ya kikohozi. Hujasahau malengelenge, na midomo iliyochubuka hata maji yakawa hayapiti, na ngozi iliyokuwa ikibaki kwenye shuka. Wewe ndiye uliyekata majani ya mgomba tukamlaza juu yake kwa sababu nguo zilikuwa zinamshika. Daktari alisema wakati ule kwamba akiipata tena hatapona.

Na unajua pia Mama alivyofanya alipotoka hospitali. Alikataza jina la ile dawa lisitajwe kwake, ndani wala nje, kama vile kulitaja ni kuliita. Sote tukatii. Tukazoea kuiita "zile nyeupe kubwa" na watoto wakakua hawajui jina lingine.

Basi nikampeleka Mama kupimwa, ikaonekana ni malaria. Tukaandikiwa dawa, tukaenda kuinunua kwenye duka la dawa. Ni vile vidonge vitatu vinavyomezwa mara moja, ndivyo vinavyotumika siku hizi baada ya malaria kuizoea klorokwini. Mama akauliza swali lake lilelile: "Hizi si zile nyeupe kubwa?" Muuzaji akaviangalia, akacheka kwa upole, akasema, "Hapana, mama, hivi ni vidogo, na ni vya malaria tu." Simlaumu. Aliulizwa ukubwa, akajibu ukubwa.

Nikamrudisha Mama nyumbani, nikamlaza chumbani, nikamwekea bakuli la uji wa wimbi na viazi vitamu. Vidonge nikaviacha mezani kando ya kitanda. Nikamwambia ale kwanza, tumbo lisikae tupu, kisha ameze vyote vitatu pamoja. Mimi nilikuwa na nguo za watu wa harusi za kumalizia dukani. Kiboksi cha dawa nilikitia mkobani, kwa kuwa mimi ni fundi wa nguo na fundi hatupi kiboksi kidogo. Ndimo vifungo vinamokaa.

Sasa nikuletee Nelius. Ni yule rafiki yangu mwenye ofisi ya kupiga chapa, mlango wa pili kutoka dukani kwangu. Ameingiza intaneti. Ndiyo, hapa Makutano! Kompyuta imeunganishwa na waya wa simu, na inapoita hulia kama kuku aliyekanyagwa, kisha inanyamaza, kisha unaambiwa uko duniani kote. Alasiri ile alikuja akanivuta kutoka kwenye cherehani. "Kaari, leo lazima uone hii kitu. Andika chochote, chochote kabisa." Nikakosa la kuandika. Mtu akikwambia uulize dunia nzima, akili inahama. Nikatoa kile kiboksi, nikasema, basi tutafutie hii dawa ya Mama.

Kaka, sijui nikueleze vipi. Ukurasa ulifunguka kidogo kidogo kutoka juu, kama pazia linaloshushwa na mtu mvivu. Ulikuwa wa chuo kikuu fulani huko Ulaya, umetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari. Unaandika jina la dawa, unachorewa mti uliolala ubavu, shina upande wa kushoto na matawi yakienda kulia. Ukigusa tawi linazaa vitawi, ukigusa kitawi kinazaa vingine, na kwenye kila ncha limekaa jina la dawa. Kulikuwa na za moyo, za mapafu, za minyoo, za macho, hata za ng'ombe zilikuwa na tawi lao. Nilishika mdomo. Miaka yote nilifikiri dawa ni dawa tu, zinarundikwa kabatini na anayezijua ni mwenye ufunguo. Kumbe kuna watu wamekaa chini wakaziuliza moja moja: wewe ni mtoto wa nani?

Dawa ya Mama tuliikuta kwenye tawi la malaria, imetulia pamoja na wenzake. Nelius akasema, "Weka ingine tu-compare." Sijui nini kilinituma. Vidole vyenyewe viliandika lile jina lisilotajwa kwetu. Nilipolisoma kwenye kioo limeandikwa kwa herufi kubwa nilihisi kama nimemsengenya Mama mbele ya kanisa.

Mti ukachorwa upya. Septrin ikatokea mbali kabisa, kwenye tawi la dawa za bakteria, na kati yake na ile ya malaria kulikuwa na matawi mengi hata ilibidi kusogeza ukurasa chini ili kuiona. Nilifurahi! Nilitaka kumkumbatia Nelius. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, hazijuani hizi.

Lakini pale pembeni palikuwa na kitufe kingine. Nelius akanisomea: mti ule ulikuwa umepanga dawa kwa kazi zinazofanya, na kuna mpango mwingine wa kuzipanga kwa vitu zilivyotengenezwa navyo. Akabonyeza. Ukurasa ukaanza kushuka, ukafika nusu, ukasimama. "Ngoja, ime-hang," akasema. Simu ilikuwa imekatika. Akapiga tena, kuku akalia tena, tukangoja huku nikicheka na kumtania kwamba dunia yake nzima imekwama kwenye matope ya Makutano.

Ukurasa ulipotimia niliacha kucheka. Matawi yote yalikuwa yamehama. Dawa zilizokuwa pamoja zimetengana, na zilizokuwa mbalimbali zimekaa goti kwa goti. Na pale, chini ya tawi moja lililoandikwa sulfa, ilikuwepo Septrin, na iliyokaa ubavuni mwake ni ile ya kwenye kiboksi changu cha vifungo.

Elewa, kaka, dawa ni zilezile na hakuna iliyobadilika. Ni swali tu lililobadilika. Ni kama wewe. Ukipangwa kwa mahali unapofanya kazi, wewe ni mtu wa Botswana na kati yetu kuna nchi kadhaa za kusogeza. Ukipangwa kwa damu, umekaa hapa pembeni yangu na kiwiko chako kinanigusa. Mambo yote mawili ni kweli, na mimi nilikuwa nimeuliza moja tu. Niliogopa na kushangaa pamoja, nisijue kipi ni kipi.

Sikumuaga Nelius. Nilikimbia, kaka, mimi na mwili huu wangu, na tepu ya kupimia shingoni, nikiruka madimbwi na kugonga watu wa stendi. Nilikuwa nahesabu moyoni: uji haumalizi hata nusu saa, na mimi nimekaa kwa Nelius zaidi ya hapo.

Nilipofungua mlango nilimkuta mume wangu Gedion sebuleni. Gedion ambaye hutoka kiwandani jioni! Alikuwa ameomba ruhusa mapema aje kumwangalia mkwe. Uso wake ulikuwa wa huzuni. "Mama amekataa kula," akaniambia. "Nimembembeleza kupitia pazia la chumbani mpaka nimechoka. Nimemwambia hata nitamlisha mwenyewe. Sijui nimemkosea nini."

Nikasukuma pazia. Kwanza niliona karatasi ya vidonge mezani, imepasuliwa, haina kitu. Nikasema, "Mama, umemeza?" Akanitazama kwa hasira ya mgonjwa, akafungua kiganja. Vyote vitatu vilikuwemo, vimelowa jasho. Bakuli la uji lilikuwa limejaa na limeganda juu.

Akaninong'oneza kwa Kimeru ili Gedion asisikie, na Gedion alisikia kila neno. Angekulaje na mume wa binti yake ameketi hapo hatua mbili, akisikia anavyotafuna? Hajawahi kula mbele ya mkwe tangu tuoane, wala hataanza kwa ajili ya homa. Na dawa haimezwi kabla ya chakula. Basi alikuwa anangoja Gedion atoke, na Gedion kwa upendo wake alikuwa ameapa hatoki. Alikuwa amekwisha kata shauri kwamba nikizidi kuchelewa atavimeza na maji matupu, liwalo na liwe.

Nilikaa sakafuni nikalia. Wakafikiri nimepata habari za msiba.

Jioni ileile tulimpeleka hospitali, tukamweleza daktari, mama mmoja mtaratibu, kila kitu, na safari hii nikalitaja jina. Akakunja uso, akasema ni kweli, hizi mbili ni za ukoo mmoja, na mtu aliyechubuka namna ile asiguse yoyote kati yao. Mama akapewa kwinini. Ilimvuma masikioni hata akawa anauliza ni kengele ya kanisa gani hiyo isiyochoka. Lakini homa ilishuka, na ngozi yake ni nzima, kaka, laini kama ulivyoiacha.

Nilimwambia habari za ule mti. Nilitarajia aseme ni mambo ya wazungu. Badala yake akauliza ukoo ule unaitwaje. Nikasita. Akasema, "Taja." Nikamwambia sulfa. Akalirudia na lile jina lingine, kwa sauti, mara nyingi, kama mtoto wa katekisimu. Aliniambia hivi: mtu akitaka kuoa, tunauliza ukoo wake, hatuulizi urefu wake, na yeye alikuwa akiuliza dawa urefu. Sasa anamtajia jina hilo kila anayekuja kumjulia hali, hata wasiouliza. Amenituma nikuandikie wewe na watoto wako mlijue pia, mliseme kwa kila daktari kabla hajashika kalamu. Nimeshakuandikia. Lisome kwa sauti.

Nelius anasema sasa watu wanapanga foleni kwake wakiwa na viboksi. Amebandika karatasi ukutani kuwaambia kwamba kompyuta si daktari, waende hospitali wakaulize. Mimi huenda mara moja moja kutazama tu. Naandika jina lolote, nabonyeza kile kitufe cha pembeni, nangoja matawi yahame. Bado sijazoea, na sitaki kuzoea.

Gedion naye alijitolea kuleta mbuzi kwa wazee ili haya hizi za mkwe ziondolewe rasmi, Mama ale kwa raha zake. Mama alimshukuru sana, akakataa. Alisema haya zake zimemwokoa, na haoni sababu ya kuziuza kwa mbuzi.

Nisalimie wifi na watoto wote, na wale Wakenya wenzako mnaokutana nao Jumapili. Gacheri na mumewe Muchangi wanakusalimu kutoka Siakago, na Nkirote mdogo anakusalimu kwa kilio. Mungu wa Mama yetu, aliyemshikia mkono ukiwa umefumbwa, akushikie na wewe huko uliko, akurudishe ukiwa mzima.

Naishia hapa kwa sababu chakula kimeiva. Mvua bado inanyesha, na Gedion yuko nje chini ya mwavuli wangu wa maua, akijifanya anakagua kuku. Nimeketi sebuleni peke yangu na barua hii yako, na nyuma ya pazia nasikia kijiko cha Mama kikigonga bakuli.

Wako akupendaye, aliyekaa ubavuni mwako,

Dada yako,
Kaari