Magunia Kumi na Matano Yasiyokuwepo

Jumatatu, 6 Oktoba
Masoko. Jenereta la ghala limewaka, kompyuta imekubali. Wakulima sita kutoka Mitole, kila mmoja na gunia lake la korosho. Bi Somoe kapima, programu yangu, leo mara ya kwanza kazini, ikaandika. Jioni tajiri, mwenye ghala, karudi kutoka Lindi, kasoma jumla: magunia ishirini na moja. Ghalani yamo sita. Mimi hakuniuliza. Kamuuliza Mzee Issa, mtunza ghala, kumi na tano kayapeleka wapi. Bi Somoe kasema yalikuja sita tu. Kaambiwa anyamaze, wanalindana.

Jumanne, 7 Oktoba
Mzee Issa kanyang'anywa ufunguo. Ijumaa ayalete au polisi. "Mashine haina tumbo," tajiri kasema, "haili korosho." Tangu wanunuzi binafsi turuhusiwe, anasema, kila mtu anataka kumla. Programu hii nimeiandika mwenyewe, kwa kitabu cha kuazima, chuo sijakiona. Nimeijaribu nyumbani siku nzima. Haina kosa. Nimempa Mzee Issa shikamoo. Hakuitika. Imeniuma.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekaa na Bi Somoe kwenye mzani. Mkulima akimaliza, anafunga dirisha la kupimia kwenye kompyuta, anayefuata anamfungulia upya. Nikamuuliza sababu.
"Kilo za mtu, jirani azione za nini, mwanangu?"
Mimi nyumbani nafungua mara moja, nashinda nalo. Kumbe kila likifunguliwa, programu inaongeza hendla mpya, kile kipande kinachopokea uzito na kuuandika kwenye faili. Za zamani hazitoki. Mkulima wa kwanza kaandikwa mara moja, wa pili mara mbili, wa sita mara sita. Jumlisha. Ishirini na moja.
Mwizi ni programu yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimeandika amri ya kupita kwenye orodha ya hendla na kuziondoa moja moja. Nimeongeza sita, nikaamuru zitoke. Zimebaki tatu. Tena. Imebaki moja. Nusura nikipige kioo ngumi. Kesho ndiyo Ijumaa.
Nikachora foleni. Ukimtoa wa kwanza, wa pili anasogea nafasi yake, nawe umeshaenda nafasi ya pili. Umemruka. Basi unanakili orodha kwanza, unapita kwenye nakala, unaondoa kwenye ile halisi. Kila inayotoka unaifunga, iliachie faili. Dirisha likifungwa, hiyo kazi ifanyike yenyewe.
Sita. Zimebaki sifuri. Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemweleza tajiri mbele ya watu wote. Hakuamini. Nikasema tupime. Wakulima tisa, dirisha limefungwa na kufunguliwa kila mara, mistari tisa, magunia tisa. Kayahesabu mwenyewe, mara mbili.
"Kumbe tumbo inalo," Bi Somoe kasema. Watu wakacheka, tajiri hakucheka. Ufunguo kamrudishia Mzee Issa. Radhi hakuomba. Mimi nimeomba. Kifua chepesi.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimekutana na Mzee Issa sokoni. Nikamwamkia tena.
"Marahaba, fundi. Moja inatosha, usije ukaniamkia mara sita."
Nimerudi nyumbani na samaki wangu. Kompyuta sijaigusa.