Neno Nililomfundisha Ishimwe

Rulenge, Ngara
14 Agosti 2025

Mpendwa kaka Aristides,

Shikamoo. Habari za Ubelgiji, na miguu ya wifi Niyonsaba inaendeleaje? Sisi tu wazima, isipokuwa mama. Ndiyo maana naandika. Kwa simu ningelia tu.

Ishimwe wenu alifika salama na watalii wenzake. Tulicheka, jamani! Binti wa Rulenge anaingia kwao na gari la watalii, kofia kubwa na dawa ya mbu mkononi. Soko la Lusahunga lilimshangaza: Msubi, Mhaya, Msukuma na Mrundi wanabishania mkungu mmoja wa ndizi, kila mtu na lugha yake, na bei inapatikana. Akaniomba nami nimfundishe Kihangaza chetu. Kiswahili anakijua kidogo, alikisoma kwenye simu, lakini mama Kiswahili hakimo. Jioni akaniuliza "jana" tunaiitaje. Nikamwambia, ejo. Ole wangu na mdomo huu.

Mama alimlisha maharage kwa mkono wake mwenyewe. Kwetu mgeni haulizwi ataondoka lini, kwa hiyo hatukuuliza. Kumbe alikuwa na siku mbili tu! Asubuhi gari likapiga honi. Mtoto alitaka kushukuru kwa mambo ya jana. Akamshika bibi yake mikono, akasema asante kwa Kihangaza, akamalizia, "Ejo."

Usiwe umesahau, kaka. Ejo ni jana, na ejo hiyo hiyo ni kesho. Mama alisikia kesho.

Leo ni siku ya kumi na moja. Kila asubuhi anaoga, anavaa kitenge cha kanisani, anakaa mlangoni. Chakula anaonja tu, eti atakula na mgeni wake. Amekonda. Daktari hakuona ugonjwa. Padri alikuja kumsemesha, akaondoka ameshindwa. Mimi nimeishiwa, sijui nifanye nini.

Juzi nilijikaza nikamweleza ukweli, kwamba mtoto alikusudia jana. Akanionea huruma.

"Marsiana mwanangu, nani humuaga mtu kwa kusema jana?"

Wewe ungemjibuje, kaka?

Msalimie wifi, na mwanao Pancras aongeze bidii shuleni. Ishimwe usimgombeze, neno alilitamka vizuri kabisa. Mungu awafunike huko mliko, na huku atutazame.

Wako akupendaye,
dada yako Marsiana